Makarai Mawili ya Nyumba ya Nyoka

Salehe na Mariamu, ninyi mnaochukua funguo zangu, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi katika nyumba ya nyoka. Mariamu akasema nieleze mambo yote. Mambo yote sina, mwanangu. Ninayo ya nyoka waliokufa ghafla, maana nyoka aliye mzima hana habari: anakula, analala, anajivua gamba, basi. Anayekufa leo wakati jana alikuwa hana neno ndiye anayemfundisha mtu kazi, na mimi walinifundisha wengi. Ninaandika kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni kwetu Mbwawa nikiwa mtoto. Salehe ana mwandiko mzuri, atanakili kwa herufi zenu. Asinitengenezee maneno.

Huku Kisarawe nililetwa na ndoa. Mume wangu, marehemu Kibwana, alipata kazi kwa Mzungu mmoja mzee aliyekuwa mpima ardhi. Watu walimwita Bwana Ramani, kwa kuwa alikuwa ametembea na minyororo yake ya kupimia kuanzia Ruvu mpaka Maneromango. Alipostaafu akakataa kurudi kwao. Akajenga hapa kilimani, na pembeni ya nyumba yake akajenga chumba kirefu chenye madirisha ya wavu, akatia nyoka. Hakuwauza wala hakuwatengenezea dawa. Aliwafuga tu, watu wengine wanavyofuga paka. Mkewe alikwenda Ulaya kusalimia akakaa hukohuko, na wapo waliosema alikimbia nyoka. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka nilipomzoea Bwana Ramani, nikajua kuwa nyoka walikuja baada ya mke kuondoka.

Kibwana alikufa kwa homa wakati wa masika, nami sijafika hata miaka thelathini. Nilipotoka eda nilikwenda kuchukua vitu vyake, nikamkuta Bwana Ramani amepiga magoti anasugua sakafu ya nyoka mwenyewe, mgongo haunyooki. Akaniuliza kama namjua mtu wa kuifanya ile kazi. Nikasema mimi. Msidhani nilikuwa shujaa. Chumba nilichokuwa nikilala nyuma ya ile nyumba kilikwenda na kazi, na kaka yangu kule Mbwawa nyumba yake ilikuwa imejaa mpaka watu wanalala jikoni. Ningesema hapana, ningelala wapi?

Siku ya kwanza aliletwa Mzee Kondo anifundishe. Huyu alikuwa mkamataji, mtu wa upande wa Mlandizi. Aliwavizia chatu kwenye majani ya bonde la Ruvu, akawaleta kwa miguu wakiwa ndani ya magunia. Alikuwa mwembamba, jicho moja lina ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaogopa?"

"Naogopa."

"Vizuri. Asiyeogopa nilimfundisha mmoja nikamzika. Nimechoka kuzika."

Basi akanionyesha vyombo. Fimbo yenye kulabu, ya kumwinua nyoka tumboni na si shingoni. Mifuko ya kitambaa cha marekani, iliyoshonwa mshono wa ndani kwa ndani ili meno yasinase. Unyoya wa kuku wa kumfungua kinywa anayekataa kula. Mabakuli ya udongo, kwa kuwa ya bati wanayapindua. Akanifundisha kunawa kwa majivu, mikono isinuke kitu chochote. Na tumbaku isivuke seng'enge. Yeye mwenyewe alitafuna tumbaku tangu asubuhi mpaka jioni, lakini kibweta chake alikitundika kwenye mkorosho nje ya ua na kusukutua mara tatu ndipo aingie. "Hii ndiyo sumu yao," aliniambia. "Chatu anayemmeza mbuzi, ukimtia kitonge cha hii kinywani, hafiki jioni."

Halafu maji. Maji ya kisima cha hapa kilimani ni baridi, na nyoka aliyekula akinywa maji baridi chakula kinamharibikia tumboni. Mzee Kondo akaniambia niyateke asubuhi, niyatie kwenye karai, niliweke juani mbele ya mlango tangu saa nne, na alasiri yakiwa vuguvugu ndipo nijaze mabakuli. Nilifanya hivyo kila siku ya Mungu. Kama kuna jambo nililolifanya sawasawa maishani mwangu ni lile karai.

Sasa niwaambie niliowaua, mapema, msije mkaambiwa na wengine.

Kipupwe cha mwaka wangu wa kwanza kilikuwa kikali. Niliwaonea huruma wale nyoka wa kijani tunaowaita ukukwi, wawili, nikawawekea jiko la mkaa na kuziba madirisha kwa magunia. Asubuhi nikawakuta wamekufa wakiwa wazuri kabisa, hawana alama. Nikasema huu ni uchawi. Bwana Ramani akaingia, akasimama kidogo, akatoka ameshika kichwa. "Mwanaisha," akasema, "hewa ya mkaa hii. Ungelala humu ungewafuata." Tangu siku ile joto ni la jua, au chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa.

Kifutu nilimuua mchana kweupe. Nilimtoa nje na sanduku lake nisafishe, kukaadhiniwa, nikasema naswali mara moja. Kivuli hakikunisubiri. Nyoka hatoki jasho wala hawezi kukuita. Mungu anisamehe, sitasingizia swala, kilichomuua ni uvivu wangu wa kutotazama jua linakokwenda. Halafu kuna panya tuliouziwa kutoka ghala moja la nafaka ambalo lilitiliwa sumu bila sisi kujua. Ndiyo maana nawaambia panya aliyekwisha kufa msimpokee, mpokeeni anayekimbia. Na baada ya vita vya Hitla walikuja watu wa dawa ya mbu na mabomba yao, Bwana hayupo, nami sikujua kwamba serikali nayo inaweza kuambiwa ngoja. Wakapuliza kuta zote. Sitawaambia walikufa wangapi.

Mnaona kwamba kila kifo kilichoitwa cha ghafla kilikuwa na mkono wa mtu ndani yake. Mara nyingi ulikuwa mkono wangu, tena mkono uliokuwa unatenda wema.

Sijaeleza bado nilivyoishi. Nilikuwa peke yangu. Nalisema hivyohivyo, maana nimechoka kulizungushia maneno. Kisimani wanawake walinipisha nichote kwanza, si kwa heshima, ila niondoke haraka. Waliniita Bi Nyoka. Kwenye shughuli nilialikwa, kwa kuwa si vizuri kumwacha Mwislamu mwenzako, lakini jikoni hawakunipa hata kitunguu nimenye. Msibani nilipewa kazi ya kukaa. Nikipeleka sahani ya mchele, inapokewa kwa vidole viwili, na nikipita siku ya pili nawaona kuku wanaula. Sikuwalaumu sana. Mimi mwenyewe kabla ya Kibwana nisingekula mchele ule.

Jioni nilizungumza na chatu wetu mkubwa wa kike. Bwana Ramani alimpa jina la kwao ambalo ulimi wangu haukuliweza, mimi nikamwita Shangazi, kwa kuwa alikuwa mnene, mzito wa kuamka, na hashangai habari yoyote. Nilimwambia bei ya unga, mvua na maneno ya kisimani. Alikuwa msikilizaji mzuri, lakini mtu anataka kuitikiwa.

Zena alikuja kwa ajili ya gamba. Alitoka kijiji cha Masaki, mke wa mtu mwenye mikorosho, msusi mzuri wa ukili, mikeka yake ilijulikana mpaka Pugu. Alisumbuliwa na kichwa, na mtu alimwambia ajifunge gamba la nyoka alilojivua mwenyewe. Alisimama nje ya seng'enge akapiga hodi. Nilikuwa sijapigiwa hodi tangu matanga ya mume wangu, nikachelewa kuitika kwa kudhani anaitwa mwingine.

Nilimpa gamba. Alhamisi iliyofuata akarudi na muhogo wa kuchemsha kwenye sahani iliyofunikwa kawa, akasema kichwa kimepoa. Akakaa kwenye kivuli cha upenu, akanikatia muhogo, akala na mimi sahani moja. Sahani moja.

Basi ikawa kila Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo mumewe alishinda Pugu kwa mambo yake ya biashara. Alikuwa amemkataza kuja kwa mwanamke wa nyoka. Zena alinieleza hilo kwa kicheko, huku vidole vinakwenda kwenye ukili bila kutazama. Alijua habari za watu wote, na alivyomwigiza imamu wao akitafuta viatu vyake nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Ndani ya chumba cha nyoka hakuingia hata siku moja, nami sikumlazimisha. Alasiri ikikaribia nilimwacha nje, nikaingia kukusanya mabakuli. Nikitoka nilimkuta amekwisha kufunga ukili wake, ushungi umekaa sawa, uso unang'aa.

"Ahsante, shoga," alikuwa akisema. "Ahsante kwa kila kitu."

Nilidhani ananishukuru kwa mazungumzo. Nikajibu, "Karibu tena," nikachukua karai langu, nikajaza mabakuli ya nyoka.

Miezi haikuwa mingi akafa nyoka wetu wa mayai, yule asiyekula kitu kingine. Jioni alikuwa anatetemeka mkia, kinywa wazi, shingo imepinda juu kama anatafuta kitu darini. Alfajiri amekauka. Bwana Ramani akampasua kwa kisu chake kidogo, akakuta kila kitu mahali pake. Baada ya majuma machache akafa ukukwi mwingine tuliyeletewa, vilevile. Halafu chatu mdogo ambaye Mzee Kondo alimleta safari yake ya mwisho. Mzee Kondo mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki kwao Mlandizi. Angekuwepo, angenusa. Mimi pua yangu ilikufa zamani kwa chokaa na mavi ya nyoka.

Kwa chatu mdogo Bwana Ramani hakuandika kitu kwanza. Alifunga kitabu chake cha nyoka, akavua miwani.

"Mwanaisha, mimi ni mzee. Siwezi kuzika hivi. Akifa mwingine, waliobaki nitawarudisha msituni na nyumba hii nitaifunga."

"Na mimi, Bwana?"

Alitazama chini. Afadhali angefoka. Mimi nilijua nyumba ikifungwa na chumba changu kimefungwa. Waliokuwa wamebaki ni Shangazi na wengine wanne. Nilipiga hesabu kwamba paa la kichwa changu linapumua kwa vifua vitano vya nyoka.

Nikachemsha mabakuli. Nikabadilisha panya, nikawachukua wa shamba tu. Nikatoa mchanga wote nikatia mpya kutoka mtoni. Nikaacha kula samaki mkavu nisije nikawa nanuka. Nilimweleza Zena, akasikitika kweli, akasema, "Pole, shoga. Watakuwa wamepatwa na kijicho. Nitakuombea." Na kumbe kwa hofu ya mauti yaliyoingia pale, akazidisha kinga yake. Hilo nililijua baadaye.

Jibu lilikuja nilipokuwa napalilia nyuma, mahali ninapowazika. Nikakumbuka kwamba nilipomfukia yule wa mayai, watu walikuwa wanapita kwenda kuswali Ijumaa. Ukukwi naye hivyo. Chatu mdogo naye, maana mwadhini wa swala ya Ijumaa alikuwa na mafua nikamcheka na jembe mkononi. Wote niliwazika Ijumaa. Kitabu cha Bwana Ramani kiliandika tarehe za mwezi, hakikuandika siku za juma, kwa hiyo kwake vifo vilikaa ovyoovyo. Na hawakufa kila juma kwa kuwa nyoka hanywi kila siku. Anayekunywa Alhamisi ndiye anayekufa.

Nikajiuliza ninafanya jambo gani Alhamisi ambalo siku nyingine silifanyi. Nafagia kila siku. Maji kila siku. Panya ni Jumatatu. Alhamisi nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho siku nyingine sikuwa nacho.

Nitawaambia ukweli. Nilijua pale pale nikiwa na jembe, nikajifanya sijui. Alhamisi mbili zilipita, Zena akaja, tukala, tukacheka, na mimi kila alipoondoka niliyamwaga maji ya karai kwenye migomba, nikawapa nyoka maji ya mtungi, baridi hivyohivyo. Hakufa hata mmoja. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha pata jibu na dawa yake. Ningefanya hivyo mpaka leo, watu wote wangekuwa salama. Lakini Shangazi alikula mnyama mkubwa juma lile la tatu, akanywa maji baridi, akatapika, akalala vibaya. Nikaingiwa na hofu, nikataka nione kwa macho.

Alhamisi hiyo niliingia kukusanya mabakuli, nikasimama nyuma ya wavu.

Zena aliweka ukili chini. Akasogea kwenye karai, akachuchumaa, akakunja mikono ya gauni. Akatia mikono yote miwili mpaka viwikoni, akaisugua taratibu. Akachota kwa viganja akaosha miguu, kidole kwa kidole, halafu akahamia upande wa pili wa karai akaosha uso. Hakuwa na haraka. Alikuwa anatabasamu peke yake, kama mtu aliye kwao kwa mama yake. Maji yakawa na rangi ya chai, ile niliyokuwa nikidhani ni kutu ya karai.

Nikatoka.

"Zena, unafanya nini?"

"Nanawa, shoga. Kama siku zote."

"Mikononi una nini?"

Akaona haya. Akafungua pindo la kanga akanionyesha kifundo. "Usinicheke. Tumbaku. Naiponda kwenye mafuta ya nazi na karafuu kidogo, najipaka mikono na miguu nikikaribia kwako. Naogopa nyoka, Mwanaisha, siwezi kukaa hapa hivihivi. Sikutaka uone, ungesema nadharau nyumba yako. Nikiondoka nanawa, mume wangu asije akanusa."

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi nililipiga karai teke. Lilipinduka, maji yakaenda kwenye ukili wake wote.

"Hayo ni maji ya nyoka!" nikasema. "Unawaua. Ni wewe unayewaua siku zote."

Zena alitazama mikono yake iliyolowa.

"Maji ya nani?"

"Ya nyoka. Nawawekea juani wao."

Akasema kwa sauti ndogo sana, "Mimi nilidhani unanitengea mimi."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu ngumu kuliko zote, nami sikuiweza. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema, ndiyo, nimekutengea wewe, ila leo usitumie. Uongo mdogo, hata malaika wangeupitia pembeni. Kwetu mgeni akija anawekewa maji, Zena alikuta karai mlangoni, maji yamepashwa moto na jua, safi, kila Alhamisi. Angedhani nini kingine? Na mimi halikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kuliona karai langu na kufikiri ni la mgeni, kwa kuwa miaka yote ile sikuwa nimewahi kumwekea mgeni maji. Nilikuwa sina wageni. Nikageuka kutazama ndani kama Shangazi yuko salama.

Niliporudisha macho Zena alikuwa amekwisha vuka seng'enge. Ukili wake aliuacha. Ninao mpaka leo, umefungwa juu ya kabati. Mariamu, usiutupe.

Nilikwenda kwa Bwana Ramani nikamwambia sababu imepatikana, ni tumbaku ndani ya maji. Akafurahi mpaka akasimama. Akaniuliza imefikaje.

"Nilikuwa na mgeni," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe una mgeni?"

Hakusema kwa ubaya. Alishangaa tu, na nafikiri alinionea wivu kidogo. Akafungua kitabu, akaandika sababu, akaniambia kuanzia sasa wageni wasikaribie chumba. Nikasema, ndiyo, Bwana. Hakukuwa na haja ya amri ile. Hakufa tena nyoka kwa namna hiyo, nyumba haikufungwa, nikabaki na chumba changu.

Baada ya mfungo nilikwenda Masaki. Nilichukua kanga mpya na nazi nne. Zena alikuwa uani anaanika mihogo, akanipokea kwa salamu nzuri, lakini hakunipa mkeka, tukazungumza tumesimama. Nikamweleza yote: kwamba sikujua, kwamba nilikuwa nimeogopa kukosa pa kulala, kwamba teke lile lilinitoka.

"Nimekuelewa," akasema. "Sina kinyongo na teke. Wala na nyoka wako, maskini, kumbe nimewaua mimi."

"Basi rudi, Zena. Njoo Alhamisi."

Akazidi kugeuza vipande vya muhogo. "Katika nyumba zote ninazoingia, hakuna anayeniwekea maji. Nyumbani kwangu mimi ndiye ninayeweka. Nilikuwa nikirudi kwako najiambia, kuna mahali nangojewa. Sasa kila nikikuona, nitakumbuka kwamba nilikuwa nanawa kwenye bakuli la chatu. Ni aibu tu, Mwanaisha. Haina dawa."

Aliniita jina langu, hakusema shoga. Kanga akaipokea kwa heshima, nazi akanirudishia mbili, kama mtu anavyomrudishia jirani wa mbali.

Siku niliyorudi nilipita dukani nikanunua karai la pili. Kila Alhamisi, tangu saa nne, niliweka makarai mawili mbele ya mlango. La nyoka upande wa kulia, lina kovu la teke langu ubavuni. La pili upande wa upenu, na kitambaa safi juu yake. Alasiri la kwanza lilikwenda kwa nyoka, la pili nikalimwagia migomba. Miaka yote hii. Migomba hiyo mnaiona ilivyonenepa. Bwana Ramani aliliona akaniuliza mara moja lina kazi gani, nikamwambia ni la akiba. Hakuuliza tena. Yeye naye kila jioni huandaliwa vikombe viwili vya chai, anakunywa kimoja.

Habari za Zena nazisikia kwa watu. Wajukuu anao, macho yamepungua, mikeka hasuki tena. Mungu amlinde.

Kwa hiyo kazi ni hii. Mkaa usiingie ndani. Mtu wa dawa ya mbu aambiwe ngoja. Kivuli kitazamwe, panya awe anakimbia, siku ya juma iandikwe kitabuni pamoja na tarehe. Nyoka akifa bila sababu, msianze na mchawi, anzeni na yule anayewapenda, na mmuulize kwa upole, mkiwa mmekaa. Na makarai yawe mawili. Mariamu aliniuliza juzi la pili ni la nini nikamjibu ovyo. Ni la mgeni, mwanangu. Liwekwe hata kama haji mtu.

Alhamisi iliyopita ilikuwa ya mwisho kwangu. Nilimaliza kujaza mabakuli, nikampa Shangazi habari zangu zote, nikatoka. La pili lilikuwa bado pale na kitambaa chake. Sikulimwaga. Nilichuchumaa alipokuwa akichuchumaa Zena, nikakunja mikono ya gauni, nikanawa mpaka viwikoni, nikaosha miguu, nikaosha uso. Katika miaka yote hiyo ya kuyaanika juani, sikuwahi kuyagusa kwa ajili yangu. Yalikuwa vuguvugu, mazuri kweli.